Gegedu la Sikio, Gegedu la Ubavu

Kaka yangu alinipiga ngumi ya pua shambani kwetu Mamboya, asubuhi, mama akiwa amesimama hapo hapo na kikapu cha mbegu. Nasema ngumi kwa sababu baadaye yalizuka maneno mengi. Wako waliosema mpini wa jembe uliniponyoka, wako waliosema nilijikwaa kwenye tuta, na mama mwenyewe aliwaambia wanawake wenzake wa kanisani kwamba ni mlango. Ilikuwa ngumi. Kidole chake kimoja kilikuwa kimefungwa kitambaa kwa sababu alijikata na panga juzi yake, na aliyemfunga kile kitambaa ni mimi.

Ugomvi ulikuwa wa kipande cha bonde. Baba alipoona hatapona alituita sote akasema kwa mdomo wake kwamba sehemu ya chini, inayopakana na kijito, ni yangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyeomba ruhusa kazini Mikumi nikaja kumuuguza. Kaka hakutia neno siku ile. Baba alipozikwa, aling'oa minyonyo niliyopanda mpakani akapanda maharage yake mpaka majini. Nilipokuja likizo na kumuuliza, alisema mwanamke hana shamba kwao, shamba lake liko atakakoolewa. Ajabu ni kwamba kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na bibi yetu mzaa mama alikuwa na mashamba yake aliyoyagawa mwenyewe akiwa hai. Hiyo mila aliyoitaja kaka sijui aliiokota wapi. Nilimwambia hivyo hivyo, na ndipo aliponipiga.

Damu ilitoka nyingi, kisha ikakata. Mama alinishika mkono akanirudisha nyumbani, akanilaza, akanikanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Nilimwambia nataka kwenda hospitali. Alisema kwa Kikaguru, lugha anayoitumia kwa mambo mazito tu, kwamba jambo hili liishe ndani ya nyumba. Alijua, kama kila mtu anavyojua, kwamba aliyepigwa hupitia kwanza polisi kuchukua karatasi ndipo atibiwe, na polisi wangeuliza ni nani. Kaka alikuwa amechaguliwa kuwa mzee wa kanisa mwezi ule.

Nikabaki ndani. Siku ya pili pua ilivimba ikaziba pande zote mbili, nikawa napumua kwa mdomo kama samaki. Halafu homa ikaja, na maumivu ya kudunda yaliyoshuka mpaka kwenye meno ya mbele. Mama alileta uji, alileta majani ya kujifukiza, alileta na mchungaji aje kuniombea. Mchungaji alimwombea mgonjwa bila kuuliza amepatwa na nini. Kaka alikuwa akipita uani, nasikia sauti yake akisalimiana na watu, shikamoo na marahaba, kama kawaida.

Aliyeniokoa ni rafiki yangu wa kazini. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja kwenye hoteli ndogo ya wageni pale Mikumi, mimi mapokezi, yeye dobi. Ni Mwislamu wa Kilosa mjini, babu yake aliletwa kutoka mbali kuja kufanya kazi ya reli na hakurudi kwao tena. Alinipigia simu kunisalimu, akasikia sauti yangu inatokea kooni tu, akauliza nimebanwa na nini. Nilijaribu kueleza nikashindwa. Kesho yake alifika Mamboya na gari la jirani yake. Alimwamkia mama vizuri, akakaa, akanywa maji aliyopewa, kisha akasema amekuja kunichukua. Mama akasema basi na yeye anakuja.

Daktari hospitalini alinitazama ndani ya pua kwa taa, akaona uvimbe mwekundu pande zote mbili za ukuta wa katikati. Wakati huo mimi natetemeka kwa homa na mdomo uko wazi. Aliuliza nimegongwa na nini. Mama akajibu kabla yangu: mlango. Daktari aliniangalia mimi, akamwangalia mama, akaendelea na kazi. Alichana kidogo na usaha ukatoka mwingi kuliko nilivyodhani pua inaweza kubeba.

Homa iliposhuka alikuja kitandani kwangu akanieleza, na maelezo yale niliyashika neno kwa neno. Ukuta unaogawa matundu ya pua kwa mbele si mfupa, ni gegedu, kama lile la sikio lakini nene na nyoofu. Gegedu halina mishipa yake ya damu, linalishwa na ngozi laini iliyolifunika kila upande. Ukipigwa, damu inaweza kuvia kati ya ngozi na gegedu, ngozi ikaachana nalo, na gegedu likafa njaa. Damu ile ikigeuka usaha, kazi inakwisha haraka zaidi. Alisema ningeletwa siku ile ile, angechana mahali padogo, angetoa damu, angeweka pamba, na mimi ningerudi nyumbani na pua yangu. Sasa ukuta umeyeyuka. Alisema nisubiri, pua itakaa sawa kwa muda, halafu itashuka.

Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha wageni. Alisikia yote. Aliuliza kama naruhusiwa kula ugali.

Ikashuka kweli. Si kwa siku moja. Kwanza palibonyea katikati, kama mtu aliyeweka kidole kwenye unga. Kisha ncha ikaanza kuinama kuelekea mdomoni, na nikivuta pumzi matundu yanajifunga yenyewe. Usiku nilikuwa nalala nimekaa. Mchana nilikuwa nasimama mapokezi nikiwakaribisha wageni wanaokuja kuona tembo, nao wananitazama usoni, halafu wanatazama kaunta, halafu funguo, popote pengine. Meneja alivumilia kwa muda. Siku moja aliniita akasema kwa upole sana kwamba ameona nipumzike kule dobi mpaka nitakapopona. Akasema ni kwa faida yangu. Nikahamia kwenye mashuka pamoja na rafiki yangu, ambaye alinipa upande wa meza usiopigwa na mvuke.

Shamba nililipata. Baraza la kata liliwasikiliza mashahidi waliokuwepo baba aliposema, na kipande kikaandikwa jina langu. Kuhusu pua baraza halikuulizwa, wala mimi sikuitaja, kwa sababu mashahidi wale wale ndio waliokuwa wakihadithia habari ya mlango.

Nilianza kutafuta matibabu. Bima yetu ya kazini ilijibu kwamba kurekebisha umbo la pua ni upasuaji wa urembo. Nilisoma neno lile, urembo, nikiwa nimefungua mdomo ili nipate hewa. Na neno likasafiri mbele yangu. Nilipofika Mamboya kwa sikukuu, wanawake kanisani walikuwa wameshasikia kwamba nataka kubadilisha pua kama wanamuziki wa kwenye televisheni. Mmoja alinishauri, kwa nia njema kabisa, niridhike na alivyoniumba Mungu. Nilimjibu kwamba Mungu aliniumba na pua iliyosimama. Alidhani natania.

Kisha ikatangazwa kwamba kuna kambi ya madaktari bingwa, wageni kutoka ng'ambo pamoja na wenzao wa hapa nchini, watakaa juma moja kwenye hospitali moja ya mkoa wetu. Wamekuja hasa kwa ajili ya watoto wenye midomo iliyopasuka, lakini watatazama na wengine. Nilipanga foleni na akina mama waliobeba watoto. Zamu yangu ilipofika nilikalishwa kwenye kiti kati ya madaktari wawili. Mmoja alikuwa mzee mgeni, mchangamfu, mikono yake ina joto. Wa pili alikuwa daktari wa kike wa masikio, pua na koo kutoka Dar es Salaam, kijana kuliko mimi.

Walizungumza Kiingereza juu ya kichwa changu. Lugha hiyo nimewakaribishia wageni miaka mingi, lakini hakuna aliyeniuliza.

Mzee aliweka kidole chini ya ncha ya pua yangu akainyanyua. Alisema atachukua gegedu la sikio. Sikio liko karibu, linachanwa kwa nyuma, kovu halionekani, inatosha sindano ya ganzi, mgonjwa anakwenda nyumbani kesho. Atachonga kijiti akichomeke kwenye nyama iliyo kati ya matundu mawili, na ncha itasimama.

Yule daktari wa kike alisema gegedu la sikio ni laini na limejikunja kama bakuli. Linafaa kuziba mahali palipobonyea au kutanua tundu lililojifunga. Kuwa nguzo ni kazi nyingine. Mtu ambaye ukuta wake wa ndani upo, kijiti cha sikio kinaweza kumtosha, kwa kuwa kina cha kuegemea. Huyu ukuta hana. Na ngozi ya pua yake ni nene, ni nzito, itakilalia kile kijiti mpaka kiiname. Alisema huyu anahitaji gegedu la ubavu.

Mzee alicheka, si kwa ubaya. Alisema ubavu unataka nusu kaputi, picha ya kifua, kitanda cha siku kadhaa, na pale nje kuna watoto. Akasema atachukua vipande viwili vya sikio avishone mgongo kwa mgongo, mkunjo wa kimoja uzuie mkunjo wa kingine. Njia hiyo ameitumia mara nyingi.

Daktari wa kike alisema ndiyo, inawezekana. Baada ya hapo hakusema tena.

Mzee akanigeukia na kuniambia kwa Kiswahili cha kukariri kwamba nitakuwa mrembo. Nilisaini. Ningefanyaje, nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikilala wima.

Nilifanyiwa kesho yake nikiwa macho. Kwenye sikio nilisikia kukwaruza, kama panya kwenye kapu, na kwenye pua nilisikia kuvutwa. Walipoondoa plasta na kunipa kioo, niliona pua. Imevimba, ina rangi ya zambarau, lakini imesimama. Nililia, na mzee naye machozi yakamlenga. Sina kinyongo naye. Alirudi kwao akiamini ameniponya, na kwa miezi michache hata mimi niliamini.

Kilichokuwa kimesimamisha ile pua ni uvimbe. Uvimbe ulipokuwa ukiisha, ncha ilikuwa ikishuka nao, pole pole, kiasi kwamba kila mtu aliyeniona kila siku hakuona kitu. Rafiki yangu tu ndiye aliyeniuliza siku moja tukikunja shuka, yeye ameshika ncha zile na mimi hizi, kama nimeanza tena kupumua kwa mdomo. Nilimwambia ni vumbi. Juma lililofuata nilijipima mbele ya kioo kwa kubonyeza ncha kwa kidole. Ilizama bila kukataa, kama inabonyezwa kwenye mto, na kile kijiti nilikiona upande, kimejikunja chini ya ngozi, kinasukuma tundu la kushoto. Sikio langu nalo lilibaki limelala kidogo, hata sasa miwani hainikai sawa.

Nikauza shamba. Nililiuza kwa mwalimu mstaafu aliyekuwa akitafuta mahali pa kulima mboga, mtu mpole, hana undugu na sisi. Kaka alipata habari baada ya mwalimu kuanza kufyeka. Hakunipigia. Aliyepiga ni mama, akaniambia kuuza udongo wa baba ni kujitakia laana, na kwamba ningemuuliza kwanza kaka. Nilimuuliza mama kama anajua nauza kwa nini. Alisema amesikia ni kwa sababu ya pua. Akalitamka neno pua kama mtu anayetaja kiatu.

Dar es Salaam nilimtafuta yule daktari wa kike, nikamkuta. Alinikumbuka kabla sijaketi. Aliniwekea kidole pale pale alipoweka mzee, akabonyeza, akaona kinavyozama. Nilimuuliza kwa nini siku ile hakuniambia mimi yale aliyomwambia mzee. Aliosha mikono kwanza. Kisha akasema, "Alikuwa mgeni wetu, na ni mkubwa wangu. Niliona nikisema mbele yako nitamvunjia heshima."

Nilikuwa nimetoka kwenye nyumba iliyojaa watu wa namna hiyo, kila mmoja ana mkubwa wake wa kumlindia heshima, na heshima yote hiyo ilikuwa imelipiwa kwa uso wangu. Lakini nilimpenda kwa kutonidanganya. Nilimwambia safari hii anieleze yote, mazuri na mabaya, kwa Kiswahili, mimi ndiye nitakayechagua.

Akanieleza mchana kutwa, wagonjwa wengine wakisubiri. Alisema ncha ya pua ni kama kona ya paa, kuna njia za kuipendezesha na kuna njia za kuibeba, na watu huzichanganya. Unaweza kuweka kipande kidogo cha gegedu mbele ya ncha, kikaonekana vizuri kwenye picha, lakini hakibebi kitu. Unaweza kuchomeka kijiti kati ya matundu kikaelea kwenye nyama, kama alivyofanya mzee, na kwa pua nyingi kinatosha. Unaweza kuweka plastiki laini ya dukani, ni rahisi na haihitaji kukata mahali pengine, ila kwenye ncha ngozi husuguliwa kila siku na siku moja ile plastiki hutoboa ikatoka nje. Alikuwa ameshawatibu wawili wa namna hiyo. Kipande bora kuliko vyote ni cha ukuta wa pua yenyewe, kinyoofu na kigumu, na hicho ndicho mimi nisicho nacho.

Umebaki ubavu. Alisema angechukua gegedu mahali ubavu unapokaribia kifua, achonge nguzo aisimike chini kwenye mfupa wa taya la juu, ifungwe kwa uzi, isielee. Achonge na boriti ya kulala juu ya mgongo wa pua, kisha aviunganishe viwili hivyo, ndipo aishone ncha ya pua juu yake. Hiyo haitashuka. Nikamuuliza ubaya wake. Akasema gegedu la ubavu lina tabia ya kupinda baada ya kuchongwa, hata ukilichonga vizuri namna gani. Kifua kitauma kuliko pua. Kuna hatari ndogo ya kutoboa utando wa pafu. Na ncha itakuwa ngumu, haitacheza ukicheka, ukilala kifudifudi utaijua.

Nilisema achonge.

Aliniambia baadaye kwamba vile vipande alivichonga, akaviloweka kwenye maji ya chumvi, akaviacha na kuendelea na kazi nyingine, ili aone vinataka kupindia upande gani kabla hajavishona. Kimoja kilipinda akakitupa, akachonga kingine. Nilipozinduka sikuisikia pua kabisa. Nilisikia ubavu. Kukohoa kulikuwa adhabu, kucheka kulikuwa adhabu, ingawa cha kuchekea hakikuwepo.

Ilipofika siku ya kurudi, daktari alinikataza kupanda basi la Mikumi, kwa sababu ya matuta yale ya barabara ya hifadhini yaliyowekwa kuyapunguzia magari mwendo wanyama wasigongwe. Alisema kila tuta litanikata upya. Nikapanda treni ya umeme mpaka Kilosa, nimekaa wima, nimekumbatia mto. Rafiki yangu alikuwa likizo, alinipokea stesheni na kunipeleka kwao. Nilikaa pale mpaka nilipoweza kuinua ndoo. Mama yake, bibi wa watu asiyenijua hata kwa jina la ukoo, alikuwa akinipikia mchuzi wa samaki usio na pilipili na kunisuka nywele zisiguse plasta. Kila jioni aliniuliza maumivu yakoje. Kutoka Kilosa mpaka kwa mama yangu si mbali. Hakuja. Alituma salamu kwa mtu wa gari la mahindi, kwamba wazima wote.

Pua ilisimama. Mwaka ukapita na bado imesimama. Imepinda kushoto kidogo, kama daktari alivyonionya, na ukinitazama kutoka mbele utaona kwamba mimi na uso wangu hatuelekei upande mmoja sawasawa. Ni ngumu kama kifundo cha kidole. Lakini napumua. Nalala chali, mdomo umefungwa. Meneja alinipongeza, akasema mapokezi ameshaweka binti mwingine ambaye wageni wamemzoea, akanipa stoo.

Halafu binti mkubwa wa kaka akapata mchumba, na sherehe ya kumuaga ikapangwa kwenye ukumbi mmoja Kilosa mjini. Mimi ndiye shangazi pekee. Shangazi hakosi kwenye sherehe ya namna hiyo, yeye ndiye anayempa binti neno mbele ya watu, na yule binti nilimpenda. Nilivaa sare, nikaenda, nikakaa meza ya wazazi.

Kaka alipewa kipaza sauti atambulishe ukoo. Alitaja wajomba, alitaja wazee wa kanisa, alimtaja mama na watu wakapiga makofi. Alipofika kwangu akatabasamu.

"Na yule ni dada yangu," akasema. "Mnaotafuta shamba la baba msisumbuke kwenda Mamboya. Lipo pale, limekaa usoni kwake."

Ukumbi ulicheka. Walicheka hata waliojua, na mama alicheka, kwa mkono mdomoni. Sidhani kaka alipanga kuniumiza. Nadhani alikuwa amefurahi, na kwa watu wa aina yake furaha inahitaji mtu wa kukalia.

Zamu yangu ilipofika, mshereheshaji aliniita nitoe neno la shangazi. Nilikuwa nimetayarisha mambo ya uvumilivu, yale ambayo kila shangazi husema. Nilisimama karibu na kiti cha binti, nikashika kipaza sauti, na sauti iliyotoka ilikuwa ya kawaida kabisa, ya mtu anayemweleza mgeni chumba chake kiko wapi.

"Mwanangu, shamba la babu yako nililiuza nikalipia kile alichokivunja baba yako kwa ngumi. Neno langu kwako ni moja. Ukipigwa, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Usingoje mtu yeyote akuruhusu, hata awe mama yako."

Binti aliangalia hina ya mikono yake. Mshereheshaji, kwa kuwa ndiyo kazi yake, akaita muziki, na muziki ukapigwa mkubwa. Nilirudisha kipaza sauti, nikachukua mkoba wangu, nikatoka. Rafiki yangu, aliyekuwa amealikwa kama ndugu, aliacha chakula chake akanifuata.

Baadaye nilisikia kwamba watu walisema shangazi alikuwa amelewa. Sijawahi kuonja pombe maishani, na wote waliosema wanajua. Kaka ni mzee wa kanisa mpaka leo. Binti ameolewa, yuko mbali. Hajanipigia, na sijui kama kunyamaza kwake ni hasira au ni kwamba alilisikia lile neno na analiweka. Wakati mwingine natamani ningesema maneno ya uvumilivu na kuondoka kwa heshima. Si mara nyingi.

Mama alikuja Mikumi mwaka huu, mvua zilipoanza. Macho yalikuwa yanamsumbua na alitakiwa kuhudhuria kliniki, na kwangu ni karibu. Ndiyo mara ya kwanza kulala chumbani kwangu. Nilimwamkia, akaitikia, nikamtengea kitanda na mimi nikatandika chini. Siku kadhaa tuliongea mambo ya mahindi na nani amefariki. Mchana mmoja, nikimtia dawa ya matone, uso wangu ukiwa karibu na wake, aliinua mkono akaigusa pua yangu. Aliigusa ncha kwa kidole kimoja, akaibonyeza kidogo, kama madaktari wote wawili walivyofanya.

"Inauma?" akaniuliza.

Tangu ile asubuhi ya shambani hakuwahi kuniuliza. Nikamwambia pua haiumi, unaouma ni ubavu, hasa kukiwa na baridi.

Alitikisa kichwa kwa kuelewa, matone yakimchuruzika mashavuni. Kisha akasema, "Basi kama haiumi, msamehe kaka yako. Anataka kugombea uongozi wa kata, na watu wanasema."

Niliziba kichupa cha dawa. Nikamfuta mashavu, nikamwambia asifumbue macho mpaka nimwambie, nikatoka nje kuchochea uji wake.